Kilichorudi Mengo na Kisichorudi Luweero

Kwenye mzunguko wa Kubbiri barabara za kaskazini mwa Kampala hugawanyika. Moja hupita Bwaise na Kawempe, ikaenda Bombo, Wobulenzi, Luweero na mwishowe Gulu. Nyingine hupita Kalerwe, ikaelekea Mpererwe na Gayaza. Soko la Kalerwe limekaa kando ya hiyo ya pili, kwenye bonde la mfereji wa Nsooba ambao hufurika kila inaponyesha mvua kubwa. Wenye kipato kidogo wa upande huu wa jiji hununua hapa matoke, viazi vitamu, nyanya na mananasi, na mananasi mengi hutoka Luweero. Kati ya 1981 na 1985 barabara hizi zilileta mizigo ya aina nyingine. Zilileta familia zilizokuwa zikikimbia vita, na vita vyenyewe havikuwa mbali.

Wakati wa uhuru, Buganda, ufalme unaoizunguka Kampala, ilikuwa sehemu tajiri kuliko zote za Uganda. Katika miaka 24 iliyofuata ilipigwa mara mbili, na vipigo hivyo havikuwaangukia watu walewale. Cha kwanza, cha 1966, kilivunja kiti cha enzi. Cha pili, cha 1981 hadi 1986, kilivunja vijiji. Muda wa kurudisha ulipofika, kiti kilirudishwa na wapiganaji wakatukuzwa, lakini mkulima aliyelipa gharama kubwa kuliko wote akabaki na deni lake. Hatuwezi kuelewa kuporomoka kwa Buganda, wala hasira inayochemka katika mitaa kama Kalerwe kila uchaguzi unapokaribia, mpaka tutenganishe hasara ya dola na hasara ya watu wake.

Tarehe 20 Desemba 1860, jimbo la South Carolina lilitangaza kujitoa katika muungano wa Marekani. Tarehe 31 Desemba 1960, miaka 100 na siku 11 baadaye, Lukiiko, bunge la Buganda, ilitangaza kwamba Buganda imejitenga na kuwa nchi huru. Kufuatana kwa tarehe ni sadfa tu. Kinachofaa kulinganishwa ni tabaka lililofanya maamuzi hayo na kile lilichokuwa likikilinda. South Carolina haikuficha: tamko lake la sababu za kujitenga lilitaja utumwa waziwazi, katika jimbo ambalo zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa watumwa. Miezi minne baadaye mizinga yake ikaishambulia ngome ya Sumter, na Februari 1865 mji wake mkuu wa Columbia ukateketea. Jimbo lililokuwa miongoni mwa matajiri zaidi Marekani likawa miongoni mwa maskini kwa vizazi kadhaa. Hata hivyo, kwa wengi wa wakazi wake, kushindwa huko kulikuwa ndiyo siku ya kuachiwa huru. Dola ilianguka, watu wakafunguliwa minyororo. Anayeomboleza kuanguka kwa South Carolina bila kusema hivyo anaomboleza kwa niaba ya mabwana.

Buganda haikuwa jimbo la watumwa mwaka 1960, na nisingependa mtu anielewe hivyo. Lakini nayo ilikuwa na mabwana wake. Mkataba wa Machi 1900, alioutia saini Sir Harry Johnston pamoja na watawala wa Buganda, uligawa ardhi kwa maili za mraba. Kabaka, yaani mfalme, jamaa zake na machifu wapatao 1,000 walipewa maeneo ya kudumu, ndiyo yanayoitwa mailo hadi leo. Mkulima aliyekuwa akilima hapo tangu enzi za babu zake akaamka siku moja akijikuta mpangaji. Sheria ya busuulu na envujjo, yaani kodi ya ardhi na ya mazao, ya mwaka 1928 ilimpunguzia mzigo kwa kuweka kikomo cha kodi na kumlinda asifukuzwe ovyo. Juu ya kinga hiyo ukajengwa ustawi wa kweli.

Ustawi huo nao ulikuwa na mkono wa vita vya Marekani. Kati ya 1861 na 1865 viwanda vya nguo vya Lancashire vilikaukiwa pamba ya kusini mwa Marekani, na hofu ya kutegemea chanzo kimoja haikuwaisha Waingereza. Mwaka 1902 walianzisha chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni, na mwaka uliofuata mbegu zikafika Buganda kwa mkono wa Kenneth Borup, mmisionari aliyesimamia Uganda Company. Mkulima wa kibanja, yaani shamba la mpangaji, akaishika pamba, kisha akaishika kahawa ya robusta, mmea ambao ni mwenyeji wa misitu ya Uganda. Bei zilipopanda baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kahawa ilijenga nyumba za mabati na kulipa ada za shule. Barabara hii ya Gayaza ilikuwa njia ya wasichana waliokwenda shule ya Gayaza, iliyofunguliwa 1905. Wengi walisomeshwa na magunia ya kahawa.

Ila mkulima huyo hakuwa mtu wa kukaa kimya mbele ya Mengo, makao ya Kabaka na machifu wake. Mwaka 1945 na tena Aprili 1949 ghasia ziliizunguka Buganda. Wakulima, wakiongozwa na watu kama Ignatius Musazi na wanachama wa chama cha Bataka, walitaka kuchambua pamba yao wenyewe na kuchagua machifu wao. Nyumba zilizochomwa zilikuwa hasa za machifu. Ukweli huu husahauliwa kila historia ya Buganda inaposimuliwa kama hadithi ya Kabaka na maadui zake. Ugomvi wa ndani ulikuwepo kabla Milton Obote, aliyeuvunja ufalme 1966, hajajulikana.

Ukasahauliwa haraka kwa sababu ya gavana Mwingereza, Sir Andrew Cohen. Novemba 1953 gavana huyo alimpeleka Kabaka Mutesa wa Pili uhamishoni Uingereza, na kuanzia siku hiyo chifu na mkulima wakalia pamoja. Mutesa aliporudi Oktoba 1955, kumpinga mtu wa Mengo kulionekana sawa na kumpinga Kabaka. Uchaguzi wa Machi 1961 ukaonyesha hatari yake: Mengo iliwaagiza watu wasusie, wachache sana wakajiandikisha, na chama cha Democratic Party kikazoa karibu viti vyote vya Buganda kwa kura chache mno. Kiongozi wake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Muganda, lakini Mkatoliki na mtu wa kawaida. Kwa wakuu wa Mengo, mtu wa kawaida kukaa juu ya Kabaka lilikuwa jambo lisilovumilika. Basi wakaunda chama cha Kabaka Yekka, wakaungana na UPC, chama cha Obote, na kwa muungano huo Obote akawa waziri mkuu aliyepokea uhuru tarehe 9 Oktoba 1962.

Kwa maoni yangu hapo ndipo Mengo ilipojipoteza. Ilikuwa na Muganda aliyeamini nchi moja yenye sheria, ikamkataa kwa ajili ya cheo. Kiwanuka baadaye akawa Jaji Mkuu, na Septemba 1972 askari wa Idi Amin wakamchukua mahakamani, akauawa.

Mengine yalikwenda kwa kasi. Oktoba 1963 Mutesa akawa rais wa heshima wa Uganda, cheo kilichomweka mahali pawili pasipopatana. Novemba 1964 kaunti za Buyaga na Bugangaizi zilipiga kura kurudi Bunyoro, ufalme jirani, na rais wa nchi akawa yuleyule aliyepokonywa ardhi. Februari 1966 Obote aliwakamata mawaziri watano ndani ya kikao cha baraza, akaisimamisha katiba, na Aprili akawapa wabunge katiba mpya ambayo hawakupata nafasi ya kuijadili. Tarehe 20 Mei Lukiiko ikaitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa mwezi. Alfajiri ya tarehe 24 Mei jeshi, chini ya Kanali Idi Amin, likaushambulia Lubiri, kasri la Kabaka. Walinzi wachache wa Kabaka walipigana kutwa nzima. Mvua kubwa ikanyesha, Mutesa akaruka ukuta na kutoroka hadi Burundi, kisha London, alikofariki Novemba 1969.

Lukiiko ilikuwa imetoa amri isiyo na jeshi la kuisimamia. South Carolina ya 1860 ilikuwa na majimbo mengine 10 yaliyokuja kuifuata. Buganda haikuwa na jirani hata mmoja wa kuifuata, kwa kuwa kwa miaka mingi majirani walikuwa wakitazamwa kama watu wa chini. Bunyoro ilifurahia. Kaskazini na mashariki hazikuona sababu ya kulia. Hili ni gumu kulisema mbele ya wazee waliokuwa vijana siku ile, waliosikia mizinga ikilia kutoka kilima cha Mengo, lakini ni sehemu ya maelezo.

Adhabu ilielekezwa kwenye alama za dola. Lubiri ukawa kambi ya jeshi, Bulange, jengo la Lukiiko, ikawa makao ya wizara ya ulinzi, katiba ya Septemba 1967 ikafuta falme zote, na Buganda ikakatwa wilaya nne. Hali ya hatari ilidumu Buganda hadi 1971. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa ikameza Mengo, Kawempe na Nakawa, kwa hiyo maeneo yaliyokuwa chini ya utawala wa Kabaka, na ambayo hayakuwahi kupimwa kama mji, yakaingia jijini yalivyo. Mabonde ya upande wa Kalerwe ni sehemu ya urithi huo: ardhi ya mailo, vibanja juu ya vibanja, na mifereji iliyochimbwa baada ya nyumba kujengwa.

Pamoja na yote, mkulima wa Luweero mwaka 1967 bado alikuwa na mikahawa yake. Alihuzunika kwa ajili ya Kabaka, ila watoto waliendelea na shule. Kilichomla polepole kilikuwa bei. Enzi za Amin, aliyekuwa amempindua Obote, kahawa ilifikia zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje ya Uganda, na bodi ya kahawa ililipa kwa shilingi isiyonunua kitu. Baada ya Waasia kufukuzwa 1972, sukari, sabuni na jembe vilipatikana kwa magendo. Mkulima mwenye akili aliacha kahawa ichakae akapanda kile ambacho jiji litakula leo na kulipa leo. Masoko ya pembezoni mwa Kampala yalinenepa kwa mabadiliko hayo, na anayeyaona kama dalili ya maendeleo tu anaona nusu ya habari.

Kisha vikaja vita vyenyewe. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka mikononi mwa jeshi la Tanzania na raia wa Uganda waliorudi nalo. Yusuf Lule, Muganda, akawa rais kwa siku 68. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, wengi wakisema kura zimeibwa. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na kikundi chake wakaishambulia kambi ya Kabamba, na baada ya miezi michache mapambano yakahamia eneo lililo kati ya barabara ya Bombo na barabara ya Hoima. Likaitwa Pembetatu ya Luweero, na ncha yake ya kusini ni Kampala yenyewe.

Waasi walichagua eneo hilo kwa sababu za wazi. Lilikuwa karibu na mji mkuu, lilikuwa na vichaka vya kujificha, lilikuwa na chakula, na wenyeji wake walikuwa na kidonda cha 1966. Wakazi hawakuwa Baganda peke yao: wafugaji na vibarua wenye asili ya Rwanda na Burundi walikuwa wengi, na hao wote waliingia kwenye moto uleule. Kijiji kiliwapa wapiganaji mihogo, ndizi na vijana. Kwa kufanya hivyo kijiji kilijiweka shabaha, na uongozi wa NRA, jeshi la waasi hao, ulilijua hilo. Kusema hivyo hakupunguzi hatia ya jeshi la Obote hata chembe. Ni kusema tu kwamba gharama ya ukombozi ilipangwa na watu ambao hawakuilipa yote.

Jeshi la serikali, UNLA, likiongozwa na mnadhimu mkuu David Oyite Ojok hadi alipokufa katika ajali ya helikopta Desemba 1983, lilishindwa kuwapata waasi likawageukia wananchi. Mwaka 1983 operesheni kubwa iliwaondoa watu vijijini, na zaidi ya laki moja wakawekwa kambini. Aliyebaki nje ya kambi alihesabiwa adui. Mikahawa ikaota magugu, mabati yakang'olewa mapaa na kuuzwa, mifugo ikaliwa. Agosti 1984 Elliott Abrams, ofisa wa haki za binadamu katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani, alikadiria kwamba watu kati ya 100,000 na 200,000 walikuwa wameuawa. Serikali ilikanusha. Makadirio mengine yako juu zaidi, na mabishano kuhusu nani aliua wangapi yanaendelea. Lakini mafuvu yaliyopangwa juu ya meza kando ya barabara ya Luweero mwaka 1986 hayakuwa makadirio.

Kampala nayo ilipata sehemu yake. Askari walizingira mitaa alfajiri, wakawatoa watu ndani na kuwaamuru wapande malori. Wenyeji waliita msako huo panda gari, na wapo wazee ambao hadi leo wakisikia maneno hayo hunyamaza. Waliochukuliwa walipelekwa kuchujwa. Wengine waliishia katika kambi za jeshi, na Juni 1985 Amnesty International ilieleza mateso yaliyofanyika humo ndani. Kiswahili, lugha ninayoandikia, ndiyo iliyotumika kwenye vizuizi vile. Watetezi wa Kiswahili wanaoshangaa kwa nini Buganda huipokea lugha hii kwa mkono mzito, hata baada ya baraza la mawaziri kuidhinisha mwaka 2022 iwe lugha rasmi, wanapaswa kukaa na jambo hili kwanza. Kwa mama aliyeamriwa kwa Kiswahili atoe kitambulisho huku mwanawe akisukumwa ndani ya lori, haikuwa lugha ya umoja wa Afrika Mashariki. Haki ya kuichukia aliipata kwa machungu.

Tarehe 26 Januari 1986 NRA iliingia Kampala. Miezi michache nyuma yake, mwishoni mwa 1985, mtoto wa Mutesa, Ronald Mutebi, alikuwa amezuru maeneo yaliyokuwa mikononi mwa waasi, na watu wakaelewa ahadi iliyomo katika ziara hiyo. Ahadi ilitimizwa. Mwaka 1993 sheria ikarudisha falme na mali zake, na tarehe 31 Julai mwaka huo Mutebi akatawazwa Naggalabi, Buddo. Bulange ikarudi. Lubiri ukarudi. Agosti 2013 makubaliano mengine yalirudisha mali zaidi. Makaburi ya Kasubi yaliyoungua Machi 2010 yalijengwa upya, na Septemba 2023 UNESCO ikayaondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sina kinyongo na hayo. Watu wana haki ya kiti chao, na furaha ya 1993 ilikuwa ya kweli hata katika vibanda vya Kalerwe.

Luweero ilirudishiwa nini? Ilipata wizara ndogo yenye jina lake, minara ya kumbukumbu, makaburi ya pamoja, na malipo ya shukrani yaitwayo akasiimo kwa raia waliotambuliwa kuwa walisaidia vita, malipo yaliyochelewa kiasi kwamba wengi waliostahili walikufa kabla ya kuyapata. Hospitali ya Kiwoko haikuanzishwa na serikali. Ilitokana na juhudi za daktari Ian Clarke aliyefika huko 1988 na kukuta watu bila matibabu. Wilaya ilikatwa, Nakasongola ikatoka 1997 na Nakaseke 2005. Wakulima waliorudi walipanda upya kahawa, na kuanzia 1993 ugonjwa wa mnyauko ukaua karibu nusu ya robusta ya nchi. Pigo hilo halikuwa la mtu, ila lilimkuta mtu asiye na akiba.

Kubwa kuliko yote ni ardhi. Kibanja hushikiliwa kwa ushahidi wa majirani: nani alipanda mti wa mpaka, nani alizikwa wapi, nani alipokea busuulu. Vita viliwaua majirani hao. Aliyerudi 1987 akiwa yatima wa miaka 15 alikuta vichaka, na alipofikisha 30 akakuta mtu mwenye hati. Sheria ya Ardhi ya 1998 na marekebisho ya 2010 yalimtambua mpangaji kwenye karatasi, lakini kesi inahitaji wakili, wakili anahitaji fedha, na shahidi yuko kaburini. Ufalme wenyewe, mwaka 2017, ulipoanzisha mpango wa Kyapa mu Ngalo wa kuwapa wapangaji wake hati za kukodi, ulizua hofu kwamba haki ya kudumu ya kibanja itageuzwa kuwa muda wa mkataba. Mengo ilijitetea kwamba inawalinda. Hofu ile ilikuwa ileile ya kabla ya 1928.

Jambo moja jema lilizaliwa vichakani: mabaraza ya vijiji, ambayo NRA iliyajenga pamoja na wakulima na ambayo baada ya ushindi yakaenea nchi nzima. Mwenyekiti wa LC, kama mabaraza hayo yanavyoitwa leo, anayeamua ugomvi wa kibanda Kalerwe ni mrithi wa baraza la Luweero. Lakini baada ya 2001 uchaguzi wa ngazi ya kijiji haukufanyika tena hadi Julai 2018. Kwa miaka 17 zawadi pekee ya kisiasa ambayo wanavijiji walijipatia wenyewe iliachwa ivunde. Januari 2021 Luweero, kitovu cha vita vilivyomleta Museveni madarakani, ilimpigia kura mpinzani wake. Huko Kampala wengine walishangaa. Sioni cha kushangaza.

Tume ya Jaji Arthur Oder ilisikiliza ushahidi wa ukatili kuanzia 1986, ikatoa ripoti yake 1994. Ushahidi mwingi ulitolewa na watu wa vijijini waliosafiri kuja kusimulia. Kesi zilizofuata ni chache mno ukilinganisha na yaliyosemwa. Makaburi ya pamoja mengi hayana majina, ingawa kila kijiji kina LC, kina kanisa au msikiti, na kina watu wanaojua nani hakurudi. Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati wa operesheni ya 1983 amepita 60 sasa. Orodha ya majina, kijiji kwa kijiji, pamoja na kibanja alichokuwa nacho kila aliyeuawa na waliobaki katika ukoo wake, ingekuwa kumbukumbu na pia ushahidi wa ardhi mbele ya mahakama. Wanaoweza kuitoa wako Semuto, Kapeeka na Nakaseke, na wengine wako katika mitaa ya kaskazini mwa Kampala ambako watoto wao wanauza mananasi. Kazi hiyo haihitaji katiba mpya wala ruhusa ya Mengo, na kila mwaka unaopita unapunguza idadi ya watakaoweza kuulizwa.